"Nchi Isiyokuwa na Dini": Uhakiki wa Kauli ya Kikatiba katika Mjadala wa Dini na Dola Tanzania na Nchi Jirani

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kauli "isiyokuwa na dini" inayotumiwa na Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kuieleza nchi. Hoja kuu ni kwamba kauli hiyo imebeba maana tatu ambazo kwa kawaida hazitenganishwi: dola kutokuwa na dini rasmi, dola kutopendelea dini yoyote, na dola kutoingilia uendeshaji wa dini. Kila upande katika mjadala huchukua maana moja na kuiona kuwa ndiyo kauli yote. Kwa kurejelea suala la Mahakama ya Kadhi na makubaliano ya huduma za jamii ya mwaka 1992, na kwa kulinganisha na Kenya, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Rwanda, makala yanaonesha kuwa utata huo umekuwa na gharama kwa wananchi na kwa watunga sera. Yanapendekeza kila maana iandikwe peke yake na kupewa kipimo chake.

1. Utangulizi

Ibara ya 3(1) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, kama ilivyorekebishwa, inaitambulisha nchi kwa sifa chache: ni ya kidemokrasia, ni ya kijamaa, haina dini, na inafuata mfumo wa vyama vingi vya siasa. Katika orodha hiyo, sifa moja tu imeelezwa kwa kukanusha. Msomaji anaambiwa nchi inafuata nini katika siasa na katika uchumi, lakini kuhusu dini anaambiwa kile ambacho nchi haina. Mahali ambapo kilichokosekana kingetakiwa kujazwa kwa maelezo, Katiba imenyamaza.

Mjadala wa dini na dola katika Afrika Mashariki umeandikwa sana kama suala la sheria na kama suala la siasa. Wanasheria wamepima mipaka ya uhuru wa kuabudu, nao wanasiasa na viongozi wa dini wamebishana kuhusu nani ananufaika na hazina ya umma. Kilichopata nafasi ndogo ni matini yenyewe ya Kiswahili ambayo wananchi wengi huisikia na kuinukuu. Makala haya yanaanza na matini hiyo, kwa kuwa sehemu ya ugomvi inatokana na namna ilivyoandikwa na namna inavyosikika masikioni mwa mzungumzaji wa kawaida wa Kiswahili.

2. Kiima na kikanushi

Jambo la kwanza la kuhakikiwa ni kiima. Ibara ya 3 inazungumzia nchi. Ibara ya 19(2), inayohusu uhuru wa dini, inaweka shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Usemi maarufu wa majukwaani, ambao aghalabu huhusishwa na Mwalimu Julius Nyerere, unazungumzia Serikali: Serikali haina dini, ila watu wake wana dini. Viima hivyo vitatu, yaani nchi, mamlaka ya nchi na Serikali, havina mawanda sawa. Katika Kiswahili, nchi ni ardhi pamoja na watu wake, mila zao na ibada zao. Mamlaka ya nchi ni pana kuliko Serikali, kwani Bunge na Mahakama zimo ndani yake. Serikali kwa matumizi ya kila siku ni mhimili mmoja tu, wenye mawaziri, wakuu wa mikoa na watendaji wa vijiji. Ni vigumu kusema kwamba nchi haina dini ilhali misikiti na makanisa yake hujaa kila wiki na wimbo wake wa taifa ni dua kwa Mungu. Ni rahisi zaidi kusema hivyo kuhusu Serikali. Lakini ikisemwa kuhusu Serikali pekee, swali la Mahakama linabaki bila jibu, na hilo ndilo lililozua ubishi mkubwa kuliko yote.

Jambo la pili ni kikanushi. Mzungumzaji wa Kiswahili akisema mtu fulani "hana dini", mara nyingi hamaanishi kuwa mtu huyo hajajiunga na kanisa au msikiti. Anamaanisha kuwa hana huruma, hana haya, wala haaminiki katika amana. Mfanyabiashara anayepunja mizani ni mtu asiye na dini hata kama huswali safu ya mbele. Kwa hiyo Katiba inaisema nchi kwa maneno ambayo mtaani ni lawama. Hapana shaka waandishi wa Katiba hawakukusudia hivyo. Matini ya Kiingereza hutumia neno lenye asili ya Kilatini linalohusu mambo ya ulimwengu huu, neno lisilo na kikanushi ndani yake. Matini ya Kiswahili ndiyo iliyoleta ukanushi huo, na pamoja nao ukaja mwangwi wa kimaadili ambao Kiingereza hakiubebi.

Mwangwi huo unasaidia kueleza kwa nini usemi wa majukwaani haukomei kwenye nusu yake ya kwanza. Sehemu isemayo kwamba watu wake wana dini inafanya kazi ya kuomba radhi kwa sehemu iliyotangulia. Humhakikishia msikilizaji kuwa hakuna aliyeitwa mpotovu. Hata hivyo, inapomtuliza msikilizaji, haimwelezi mtumishi wa umma afanye nini pale watu hao wenye dini wanapofika kwenye ofisi isiyo na dini wakiwa na jambo linalogusa dini yao.

3. Maana tatu ndani ya kauli moja

Kauli "haina dini" inaweza kufasiriwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kwamba dola haina dini rasmi: hakuna imani inayotajwa na sheria kuwa ndiyo ya taifa, na hakuna cheo cha umma kinachodai imani fulani. Ya pili ni kwamba dola haipendelei: inachompa muumini wa dini moja, sharti iwe tayari kumpa wa dini nyingine aliye katika hali ileile. Ya tatu ni kwamba dola haiingilii: haiteui viongozi wa dini, haiamui mafundisho sahihi, wala haiendeshi taasisi za ibada.

Maana hizi zinaweza kuishi pamoja, lakini si lazima zikubaliane. Chukua mfano wa ruzuku ya hospitali inayomilikiwa na taasisi ya dini. Maana ya kwanza haiizuii, kwa sababu kumlipa daktari hakuifanyi imani ya mmiliki kuwa dini ya taifa. Maana ya pili inaikubali kwa sharti kwamba taasisi za dini nyingine zipate fursa hiyohiyo kwa vigezo vilevile. Maana ya tatu inaitilia shaka, kwa kuwa anayelipa mishahara hatimaye hutaka sauti katika uendeshaji. Watu watatu wenye nia njema, kila mmoja akiinukuu Katiba, wanaweza kufikia hukumu tatu tofauti, na wote wakawa wamesoma sawasawa.

4. Mahakama ya Kadhi na makubaliano ya 1992

Suala la Mahakama ya Kadhi Tanzania Bara linaonesha gharama ya utata huo. Wakati wa ukoloni na mwanzoni mwa uhuru, makadhi na maliwali walisikiliza mashauri ya Waislamu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunganisha mfumo, na kazi hiyo ikahamia kwa mahakimu wa kawaida. Zanzibar ilibaki na Mahakama zake za Kadhi. Jambo linalosahaulika katika mjadala ni kwamba mwaka 1963 haukuondoa sheria ya Kiislamu katika mahakama za Bara. Mahakama hizo zimeendelea kuitumia katika mirathi ya Waislamu, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa zinazofungwa kidini na kuruhusu mabaraza ya usuluhishi ya jumuiya za dini. Kwa maneno mengine, sheria ya dini ilibaki, ila mwamuzi aliyeisomea aliondoka. Hakimu ambaye hakuandaliwa katika elimu ya mirathi ya Kiislamu ndiye anayegawa mafungu ya warithi.

Ukweli huo haukuwa msingi wa mjadala. Suala lilipofika bungeni mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha likaingia katika ilani ya uchaguzi ya Chama Cha Mapinduzi ya mwaka 2005, ubishi uliendeshwa kwa kauli moja: nchi haina dini. Viongozi wengi wa Kikristo waliitumia kwa maana ya kwanza, wakihofu kuwa mahakama ya dini ndani ya mhimili wa dola ni hatua ya kuifanya dini moja kuwa rasmi. Waislamu wengi waliitumia kwa maana ya pili, wakitaja makubaliano yaliyosainiwa Februari 1992 kati ya Serikali, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki, ambayo yaliweka utaratibu wa ushirikiano katika elimu na afya. Ikiwa dola isiyokuwa na dini inaweza kushirikiana na makanisa, walihoji, kwa nini isiweze kumlipa kadhi? Serikali nayo baadaye ilijibu kwa maana ya tatu, kwamba Waislamu wako huru kuunda chombo chao wenyewe bila dola kukigharimia wala kukiendesha. Kipengele cha kutambua uamuzi wa chombo cha namna hiyo kilipoingizwa katika muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, kiliondolewa mwaka 2015 kabla ya kupitishwa.

Hoja ya kila upande ilikuwa na uzito wake. Huduma za makanisa zilizoungwa mkono na Serikali, kama zile za hospitali za rufaa za Bugando na KCMC, hutibu wagonjwa wa dini zote, na kwa hiyo hazilingani moja kwa moja na chombo cha waumini wa dini moja. Kwa upande mwingine, hoja kwamba fedha za umma haziwezi kugusa taasisi ya dini haiwezi kusimama baada ya 1992. Kilichokosekana ni kipimo cha kutofautisha hali hizo, na kipimo hicho hakiwezi kutolewa na neno "haina".

Jibu la maana ya tatu nalo lina historia inayolidhoofisha. Mwaka 1968 Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku na Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, yaani BAKWATA, likaundwa. Tukio hilo lilitangulia Hati ya Haki iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Hata hivyo, wale wanaolikumbuka huona vigumu kukubali kuwa dola ambayo wakati mmoja ilisimamia umbo la taasisi yao sasa haiwezi kuwasaidia kwa sababu haiingilii.

Anayelipa gharama ya ubishi huu si kiongozi wa dini wala mbunge. Ni mjane anayesubiri mgawo wa mirathi, au mwanamke aliyepewa talaka mbele ya shehe ambaye bado anahitaji amri ya mahakama ili sheria ya nchi imtambue kuwa ameachika na mali ya ndoa igawanywe. Kwa watu hawa swali si kama nchi ina dini. Swali ni nani mwenye mamlaka na ujuzi wa kumaliza shauri lao, na uamuzi wake una nguvu gani.

5. Nchi jirani: maandishi tofauti, matatizo tofauti

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeyatenganisha yale ambayo Tanzania imeyaunganisha. Ibara ya 8 inasema kwa ufupi kuwa hakuna dini ya taifa, na hiyo ni maana ya kwanza peke yake. Ibara ya 32 inashughulikia uhuru wa dhamiri na imani. Ibara ya 170 inaweka Mahakama za Kadhi na kuzibana: mamlaka yake ni hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena pale tu wahusika wote ni Waislamu na wameridhia. Ibara ya 24(4) inaeleza wazi kuwa masharti ya usawa yanalegezwa kwa kiwango kinachohitajika kwa ajili ya mahakama hizo. Mapatano hayo hayakuja kwa upole. Yana mizizi katika makubaliano ya Oktoba 1963 kuhusu ukanda wa Pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mei 2010 Mahakama Kuu iliamua kuwa kuwemo kwa mahakama hizo katika katiba ya zamani kulikinzana na usawa, na makanisa mengi yalipinga rasimu katika kura ya maoni ya Agosti mwaka huohuo.

Ubora wa matini ya Kenya hauko katika kumaliza ugomvi, kwani haikuumaliza. Uko katika kuufanya ugomvi uwe mdogo na mahususi. Katika kesi ya hijabu ya shule ya Kiwanjani, Isiolo, ambayo mdhamini wake ni kanisa, Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi wanafunzi Waislamu mwaka 2016, na Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo mwaka 2019 kwa sababu za utaratibu. Kiini hakikupata jibu la mwisho. Lakini swali lilikuwa limeeleweka: je, mdhamini wa kidini anaweza kuweka masharti ya sare katika shule ya umma? Hakuna aliyelazimika kwanza kubishana kama Kenya ni nchi ya namna gani.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inaonesha upande wa pili. Katiba yake ya mwaka 2006 inaitaja nchi kuwa ya kilimwengu kwa neno la Kifaransa lenye historia nzito ya kuyatenga makanisa na dola. Lakini maisha ya umma yamejengwa kinyume na historia ya neno hilo. Mkataba wa mwaka 1977 ulirudisha kwa makanisa uendeshaji wa shule zilizokuwa zimetaifishwa, huku mishahara ya walimu ikibaki mzigo wa dola. Maaskofu Wakatoliki ndio waliosimamia mazungumzo yaliyozaa makubaliano ya kisiasa ya tarehe 31 Desemba 2016. Madhehebu yanayotambuliwa hupewa pia jukumu la kumpendekeza mwenyekiti wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Mwaka 2021 madhehebu manane yalishindwa kuafikiana: Wakatoliki na Waprotestanti walimkataa aliyependekezwa na wengine, naye akaidhinishwa na Bunge na kuteuliwa hata hivyo. Hapo neno la katiba halikumsaidia yeyote. Halikueleza kwa nini taasisi za dini zina kura katika jambo hilo, wala nini kifanyike zinapogawanyika.

Rwanda nayo inaitwa na katiba yake jamhuri isiyo ya kidini. Mwanzoni mwa 2018 mamlaka zilifunga mamia ya nyumba za ibada jijini Kigali kwa sababu za usalama wa majengo, usafi na kelele, na sheria ya mwaka huohuo ikaweka masharti ya elimu ya dini kwa wahubiri. Huko, kutokuwa na dini hakukumaanisha kutoingilia. Kulimaanisha uwezo wa dola kuisimamia dini kama shughuli nyingine yoyote. Si busara kuuharakisha uamuzi wa kulaumu. Kenya yenyewe, baada ya zaidi ya miili 400 kufukuliwa katika msitu wa Shakahola kuanzia mwaka 2023, imelazimika kuuliza dola ifanye nini pale mahubiri yanapoua. Swali hilo ni la maana ya tatu, na haliwezi kujibiwa kwa kurudia maana ya kwanza.

6. Hoja ya kombe lililofunikwa

Pingamizi kubwa dhidi ya uhakiki huu ni kwamba utata umelinda amani. Tanzania imepita zaidi ya miongo sita bila vita ya dini, na wapo wanaoamini kuwa siri yake ni kutosema kila kitu: funika kombe mwanaharamu apite. Kauli isiyofafanuliwa humwezesha kila mmoja kujiona ndani yake. Ukiifafanua, unamlazimisha kila mmoja kuhesabu alichopata na alichokosa.

Pingamizi hilo lina ukweli wa kihistoria. Katika mfumo wa chama kimoja, tofauti zilimalizwa ndani ya vikao, na kauli pana ilitosha kwa matumizi ya nje. Lakini kombe halijafunikwa tena. Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, kisha ikajitoa mwaka 1993, mjadala uliendeshwa hadharani kwa kauli hiyohiyo, ingawa swali kuu lilikuwa la kimuungano: nani ana mamlaka ya mambo ya nje? Tangu ushindani wa vyama uanze, kauli hiyo huandikwa katika ilani na kupimwa kwa kura. Ahadi iliyotolewa bila kufafanuliwa hufasiriwa na kila kundi kwa matumaini yake, na isipotekelezwa huonekana kuwa hila. Amani iliyolindwa na ukimya huo imeanza kutozwa riba, nayo hulipwa kwa kuaminiana kati ya majirani.

7. Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu haudai kwamba lugha peke yake ndiyo chanzo cha ubishi, wala kwamba kubadili neno kutaleta mapatano. Unadai kwamba kauli moja ya kukanusha imepewa kazi tatu, na kwamba mtunga sera anayeitumia bila kutaja ni kazi ipi anayoikusudia hatoi hoja bali anaahirisha swali.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, katika mchakato wowote ujao wa katiba, kiima kiwe dola, si nchi, na ukanushi uelekezwe kwenye uhusiano badala ya kuwepo kwa dini. Usemi "isiyofungamana na dini", ambao umekuwa ukisikika katika mijadala ya katiba, una heri kuliko "isiyokuwa na dini", kwa kuwa unaeleza fungamano na hauhukumu maadili. Pili, msingi wa kutopendelea uandikwe peke yake, pamoja na vigezo vya wazi vya lini fedha za umma zinaweza kupita katika taasisi ya dini: huduma iwe wazi kwa watu wote, hesabu zikaguliwe, na fursa itolewe kwa wote wanaotimiza masharti. Makubaliano ya 1992 yakipimwa kwa vigezo hivyo, yanaweza kutetewa au kurekebishwa bila kuhesabiwa kuwa ushindi wa dini fulani. Tatu, suala la sheria ya Kiislamu katika mahakama za Bara liondolewe kwenye jukwaa la utambulisho wa taifa na lirudishwe mahali pake, yaani katika ubora wa utoaji haki. Kwa kuwa sheria hiyo tayari inatumika, swali la kwanza ni la mafunzo ya mahakimu na ya washauri wa mahakama, na swali la chombo maalumu lije baada ya hapo, likiwa na mipaka iliyoandikwa kama ilivyofanyika Kenya.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji nchi iamue kama ina dini. Yanahitaji dola iseme, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mjane aliye mbele ya hakimu wa mwanzo, itampa nini, haitampa nini, na kwa sababu gani.